Zinia za Bibi Nesi

Mama yangu, Roda, hakuwa mwoga. Nyoka aliyeingia jikoni alimmaliza kwa mwiko wa ugali, kisha akauosha mwiko na kuendelea kupika. Chui alipochukua mbuzi wetu pale kijijini kwetu Hasamba, alimfuata hadi kichakani akimtukana, mpaka majirani wakamrudisha kwa nguvu. Lakini mvua za mwisho wa mwaka 1936 zilimkuta akitetemeka kwa sababu ya mbegu za maua, tena mbegu za kujaza kiganja kimoja tu. Nina haki ya kuyasema haya, maana mimi ndiye niliyekuwa tumboni mwake.

Kabla yangu alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alivuta pumzi hadi jua lilipozama, na Mama mwenyewe angemfuata kama si Bibi Nesi, mzungu aliyekuwa akitibu watu kwenye zahanati ya misheni na aliyewapokea watoto wote wawili. Siku tatu Bibi Nesi hakuondoka kando ya kitanda chake. Tangu hapo Mama aliamini kwamba duniani kuna mikono miwili tu inayoweza kumtoa mtoto wake akiwa hai.

Mwezi wa sita mikono hiyo ilifunga masanduku kwenda likizo Ulaya. Mama alikuwa bado hajajua kwamba nipo. Bibi Nesi alimwita barazani akampa kifuko cha kitambaa kilichoshonwa mdomo.

"Hizi ni mbegu za zinia," alisema. "Nimezichuma mwenyewe, si za dukani. Mvua ikianza, zipande hapa mbele. Nikirudi mwezi wa pili niyakute maua."

"Utayakuta, Bibi."

Mama akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Kinyiha mwenye akili angefanya na mbegu ya thamani. Alikipandisha kifuko kwenye kichanja cha jikoni, juu ya moto, kando ya mahindi ya mbegu na kibuyu cha ulezi. Huko moshi hufukuza wadudu, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa kuweka mbegu huko. Hakuna aliyemwambia kwamba zinia si mahindi. Mbegu yake ni bapa, nyepesi kama pumba, na kwa miezi mitano ilipata moto wa uji asubuhi, moto wa maharage mchana na moto wa ugali jioni.

Mvua ilipoanza alipanda nusu. Siku kumi zikapita, udongo ukabaki mtupu. Siku ya kumi na mbili alifukua kwa kidole, akazikuta mbegu kama alivyozipanda, akazibonyeza kwa ukucha, zikavunjika na kuwa vumbi. Za kwenye kifuko nazo zilikuwa vivyo hivyo.

Wakati huo tumbo lilikuwa limeshaonekana. Mama alikaa chini palepale kwenye tuta, akaanza kuwaza. Bibi atarudi, atakuta udongo mtupu, atajua mwanamke huyu si wa kuaminiwa. Je, atamgusa tena? Leo ningemwambia kwamba nesi hamnyimi mtu mkono kwa ajili ya maua. Lakini mimi sijazika watoto wawili.

Hakumwambia mtu. Baba yangu, Kefa, alikuwa mwinjilisti, na angelitolea mahubiri jambo hilo Jumapili ileile, kwa nia njema kabisa. Mama akaanza kutafuta mbegu nyingine kwa siri.

Alimtumia salamu kaka yake Yonasi, aliyekuwa akiishi Tunduma, na Yonasi akaleta pakiti kutoka dukani. Juu yake palikuwa na picha ya zinia nyekundu zinazong'aa. Mama hakuipanda. Alihesabu mbegu kumi, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akakiviringisha kwenye jani la mgomba na kukiweka pembeni, pasipo na moto, jinsi wanawake wanavyootesha ulezi kupata kimea cha pombe. Usiniulize mke wa mwinjilisti alijuaje mambo ya kimea. Hata togwa inataka kimea.

Baada ya siku sita iliota moja, nayo ikaoza.

"Lakini picha yake ni nzuri, dada," alisema Yonasi.

"Nikapande picha?" Mama alimjibu. "Hii pakiti imekaa dukani miaka mingapi? Picha haizeeki, kaka yangu. Mbegu inazeeka."

Yonasi akaenda ng'ambo ya mpaka, akarudi na mbegu zilizofungwa kwenye gazeti. Mwanamke aliyemuuzia alikuwa ameapa kwa jina la Yesu kwamba ni maua ya wazungu. Mama akajaribu kumi, zikaota zote kumi, na jioni ile akaimba jikoni. Akazipanda. Majani yalipofunguka yakawa yamechanikachanika, yananuka ukiyagusa, wala si yale majani mapana ya zinia yanayokaa mawilimawili na kukumbatia shina. Aling'oa yote huku akilia. Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku chache Bibi Nesi arudi.

Sasa alijua mahali pamoja tu palipokuwa na zinia alizoziona kwa macho yake zikiwa kwenye shina. Msimu uliopita, akipita barabarani, alikuwa ameona maua mekundu, ya manjano na ya waridi juu ya vikaburi viwili vidogo. Alidhani Baba ndiye aliyeyapanda, na hakuwahi kumuuliza, kwa kuwa ndani ya nyumba yetu vikaburi vile havikuzungumzwa.

Mjamzito haingii makaburini. Ferista, mama mkwe wake, alikuwa amemwonya mara nyingi: watoto waliotangulia hupenda kuwaita wadogo zao wakacheze nao. Mama alikuwa Mkristo aliyebatizwa na aliyaamini maneno hayo yote, mstari kwa mstari.

Alikwenda mchana wa jua kali. Alijifunga kanga mbili tumboni, akanifunika kama mtu anavyoficha kitu cha wizi. Alipofika kwenye vile vikaburi hakupiga magoti, aliogopa kwamba hatainuka.

"Sikuja kuwasumbua," aliwaambia. "Naomba mbegu tu. Mdogo wenu mwacheni kwangu."

Mashina ya msimu uliopita yalikuwa bado yamesimama. Hata katika hofu ile hakuchuma ovyo. Aliviacha vichwa vilivyolowa na kuota ukungu, akaviacha vidogo, akachukua vile vikubwa vilivyokauka hadi kwenye kikonyo. Kila kimoja alikipasua na kuijaribu mbegu yake kwa ukucha. Iliyogoma kuvunjika aliitia kwenye pindo la kanga. Ndipo mimi nikapiga teke. Mama akatoka mbio, na tumbo lake la miezi sita.

Siku ya tatu kitambaa kilikuwa na mbegu tisa zilizoota kati ya kumi. Mama hakufurahi. Aliona sasa ana deni kwa wale wawili, na wanaweza kuja kulidai. Alipanda, akapalilia, akamwagilia siku zilizokosa mvua, na kila asubuhi alikagua vitu viwili, tuta na tumbo. Kuna siku moja mwezi wa kwanza sikucheza tangu asubuhi hadi jioni. Alikaa mbele ya maua yale bila kula, akisubiri.

Bibi Nesi alirudi mwishoni mwa mwezi wa pili. Zinia zilikuwa zimechanua mbele ya baraza, za rangi zote. Alisimama akiwa bado ameshika kofia yake, akazitazama rangi moja baada ya nyingine.

"Umefanya vizuri, Roda," alisema hatimaye, lakini hakumtazama usoni.

Mama akajua kwamba mambo yameharibika. Wiki zilizofuata Bibi Nesi alimpima tumbo kwa haraka, bila mazungumzo, na mikono yake ilikuwa mizito. Mama alirudi nyumbani kila mara akiwa na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo.

Uchungu ulianza alfajiri. Hadi saa nane mchana nilikuwa sijasogea, ingawa Bibi Nesi alikuwa kazini tangu asubuhi. Mvua ilikuwa ikipiga bati la zahanati, na Baba alikuwa amesimama nje chini ya dirisha, akiomba kwa sauti. Ndipo Ferista alipofanya kile ambacho wazee wetu hufanya. Mtoto akikwama, mama yake ana jambo alilolificha, na mtoto hatoki mpaka jambo hilo litoke.

"Sema, mwanangu," alimnong'oneza. "Sema ulichokificha. Hatutakuua."

Wanawake wawili waliokuwa mlangoni wakasogea. Nje, maombi ya Baba yakakatika ghafla. Wote walikuwa wakisubiri jina la mwanamume.

"Mbegu za Bibi," Mama alilia. "Niliziweka juu ya moto zikafa zote. Hizi si zake. Nimemdanganya."

Ferista akamwinamia karibu zaidi.

"Mbegu?" Ferista aliuliza. "Mbegu tu?"

"Na nilikwenda makaburini, Mama. Nilizichuma juu ya watoto wangu."

Ferista aliketi sakafuni akajishika kichwa. Mama akafumba macho, akasubiri ile mikono miwili imwachie. Haikumwachia.

"Nilijua," alisema Bibi Nesi. "Nilizokupa zote zilikuwa nyekundu. Zile za rangi nyingi alinitumia mama yangu, na nilizimaliza zote mahali pamoja."

Mama akafumbua macho. "Si Kefa aliyezipanda kule?"

"Ni mimi. Watoto wale walinifia mikononi, Roda. Niliporudi nikayakuta maua yao mlangoni kwangu, nikadhani umewaleta makusudi ili nisisahau. Tangu siku ile naogopa kukugusa."

Mama alimtazama. Miezi yote ile alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akiogopa.

"Basi tuogope wote wawili, Bibi," alisema. "Lakini usiniachie."

"Sikuachii. Sukuma."

Akasukuma, nami nikatoka nikilia.