Koti la Baba Shambani

Enzi zetu pale kijijini Robanda, mtoto hakuamshwa na saa wala simu. Aliamshwa na nyani. Bado una usingizi machoni, umande umejaa majanini, unamsikia mama anapiga debe shambani na kuita, "Wankyo, amka na mdogo wako, wameshaingia!" Tunatoka mbio na viazi vya jana mkononi, midomo imejaa karanga, na furaha tele, maana kwetu kukimbiza nyani kulizidi michezo ya rede na kombolela.

Shida ni kwamba nyani nao walituona mchezo. Baba alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii, na nyumbani alirudi mara chache. Wanyama wale walilijua hilo. Mwanaume akipita njiani, hata bila fimbo, wanatimka. Tukija mama, dada na mimi, wanaendelea kumenya mahindi huku wanatutazama. Mama alisimamisha sanamu la majani akalivika shati. Haukupita muda tukamkuta nyani amekaa kivulini mwake, anakula.

Mwaka ule dada Wankyo alikuwa darasa la saba. Jioni moja, tukila ugali wa mtama na mlenda, mama akasema taratibu, "Wankyo, itabidi uache shule ukae shamba mpaka tuvune. Haya mahindi yakiisha tutakula nini?" Dada aliendelea kufinyanga tonge lilelile bila kulipeleka mdomoni.

Mimi nilikuwa mtoto wa kutazama watu mpaka naambiwa sina adabu. Nikamwambia dada kwamba nyani hawaogopi shati, wanaogopa mwendo. Baba alitembea mikono nyuma, bega moja limeshuka, akikohoa. Tukachukua koti lake na kofia yake, nikamfundisha dada nyuma ya banda la mbuzi. "Kohoa kwanza," namwambia. "Baba hapigi hatua hajakohoa."

Asubuhi dada akaingia shambani. Nyani wakasimama, wakamwangalia, kisha wakaondoka wote, hata wenye watoto mgongoni. Aliyebaki ni Mzee Manyama, jirani yetu, aliyekuwa anapita zake. "Baba Wankyo, umerudi lini?" Dada akaogopa sauti yake itamfichua, akakohoa tu na kuendelea na safari. Mzee akaenda moja kwa moja kwa mama. "Mume wako kambi imempa kiburi," akalalamika. "Namsalimia, ananikoholea." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Basi ikawa hivyo mpaka mavuno. Alfajiri dada anazunguka shamba, kisha anavua koti na kukimbilia shule. Alifanya mtihani, akafaulu, na leo ni muuguzi mjini Mugumu. Baba aliporudi akapewa habari, akataka kwanza auone huo mwendo. Dada akatembea uani. Baba akatazama, halafu akauliza, "Hivi mimi ndiyo natembea hivyo?" Alipoondoka, koti aliliacha.

Mimi niliendelea kutazama. Sasa ni profesa wa biashara chuo kikuu, na kazi yangu yote imekuwa kuchunguza kwa nini mtu anapita maduka kadhaa yenye sukari ileile, akaenda kununua katika duka la mwisho. Jumamosi nafunga vitabu, nashona vikaragosi vya nguo na vibuyu, vile vya kuvaa mkononi, na kila kimoja nakitafutia mwendo wake. Wanafunzi wananishangaa. Niliwatuma sokoni wakatazame wanunuzi, wakarudi na picha za simu. Nikawauliza, "Yule mama wa nyanya alimwangalia mteja usoni au mikononi?" Wakaanza kukuza picha.

Likizo iliyopita nilivipeleka vikaragosi Robanda, ambako dada amejenga. Wajukuu wa dada walijipanga sebuleni, simu juu, wanarekodi, mpaka dada alipowaambia, "Wekeni chini hizo, mtazame kwa macho." Wakaweka. Na walipocheka, walicheka kama sisi, wanaangukiana, mmoja anashika mbavu. Nilifurahi mno. Ila zamani tukicheka hivyo uani, jirani alisikia, akaacha jembe na kuja kuuliza kuna nini, na hakuondoka hajala. Siku ile tulicheka mpaka jua likazama, nyumba ina kuta za tofali na geti limefungwa, na hakuna aliyekuja kuuliza.