Kiapo cha Mama Saa

Ofisini tulimwita Mama Saa, na mwenyewe alijua. Alifika kabla ya mfagiaji, akahakikisha kila karatasi iliyotoka mahakamani imepita masjala, imegongwa muhuri, na tarehe yake ya mwisho imeandikwa ubaoni kwa chaki nyekundu. Kampuni aliikuta ina mawakili watatu na choo kisichofungika. Akaikuza mpaka mabenki yakatutafuta wenyewe. Kwenye chama cha mawakili aliongoza kamati ya nidhamu, na huko hakuwa na mswalie Mtume. Aliowachukia zaidi ni mawakili wanaochelewesha utetezi kisha wanaapa kwamba karani alisahau. Makarani wangekuwa wasahaulifu kiasi hicho, wasingefika hata kazini.

Siku moja dada yake mkubwa alikuja na hati ya wito. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Sasa alikuwa mjane, na mashemeji zake walikuwa wamemshtaki, wakidai kwamba nyumba aliyojenga na marehemu ni mali ya ukoo.

"Niachie mimi, dada," Mama Saa alisema. "Wewe nenda kalale."

Akaitia hati kwenye mkoba. Masjala haikupita. Hii ndiyo desturi yetu mawakili, na ni ya kipumbavu: mteja hufunguliwa jalada, ndugu huambiwa asijali.

Wakati huo alikuwa akigombea urais wa chama. Alizunguka mikoani, akahutubia, akashinda kwa kura nyingi. Katikati ya shamrashamra alinunua mkoba mwingine, unaofaa kupigwa picha. Ule wa zamani ulibaki nyuma ya mlango wa ofisi yake, na hati ndani.

Dada alipiga simu siku dalali wa mahakama alipobandika notisi ya kumtoa nyumbani mlangoni kwake. Utetezi haukuwa umepelekwa, kwa hiyo mashemeji walikuwa wameshapewa hukumu ya upande mmoja. Njia iliyobaki ilikuwa kumwomba jaji aitengue, na jaji angetaka kiapo cha maandishi cha kueleza sababu ya kuchelewa.

Karani wetu wa masjala, mzee aliyekaribia kustaafu, aliingia akafunga mlango. Mimi, mshirika wa Mama Saa katika kampuni, nilikuwemo.

"Mama, andika ni mimi," alisema. "Nilipokea, nikasahau. Karani akisahau, majaji husamehe. Mimi nastaafu, watanifanya nini?"

"Siwezi. Nimewafukuza watu kwa maneno hayohayo."

"Sawa, mama. Lakini anayetolewa nyumbani si wewe."

Nilimwambia asaini maneno ya mzee. Hata leo ningemwambia hivyo, na wanaonishangaa hawajawahi kuona kitanda cha mjane kikitupwa barabarani. Yeye akaandika ukweli: "Hati ilikuwa kwenye mkoba wangu, nilisahau."

Jaji alikisoma kiapo mara mbili. Akamsifu kwa uadilifu wake, maneno matamu kweli, kisha akayatupilia mbali maombi. Wakili kusahau si sababu ya kutosha. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Kwenye korido dada alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Hakulia.

"Yule mzee wa masjala ameniambia alijitolea kubeba lawama," alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, dada."

"Ukakataa."

"Ungekuwa uongo."

"Nilipokupeleka shule niliwadanganya kwamba wewe ni mwanangu, wakupokee. Hukuniuliza kama ni uongo."

Mimi niliona aibu kusimama pale.

Sasa dada anaishi kwa Mama Saa, chumba cha wageni. Gazeti la chama lilichapisha kiapo kile kama mfano wa kuigwa. Nimewahi kunywa chai nyumbani hapo asubuhi moja. Zamani dada alimwita "mdogo wangu". Asubuhi ile aliweka kikombe mezani mbele ya Mama Saa kwa adabu, akarudi nyuma hatua moja.

"Chai yako, mheshimiwa rais," alisema.