Godelive na Diski Isiyotaka Kusuguliwa

Kwa Godelive, diski iliyogoma haikuwa mbovu, ilikuwa chafu tu. Katika kibanda chake cha Mususa, mjini Butembo, alikuwa amefufua harusi, ubatizo na filamu za ngumi kwa kitambaa laini na dawa ya meno. Anapaka, anasugua, anafuta, anairudisha mashineni, na bibi harusi aliyekuwa ameganda na kipande cha keki mkononi anakifikisha mdomoni.

Siku hizi watu huweka picha zao kwenye simu, na wateja wamebaki wachache. Kwa hiyo alifurahi kumwona Jokébed, mjane kutoka Kipese, akifungua pindo la kitenge na kutoa diski moja. Mgeni wa Ulaya alikuwa amerekodi kwaya ya kanisa lao, akawatumia diski hiyo. Aliyeongoza wimbo ni Éliakim, mume wa Jokébed, miezi michache kabla ya kufa. Kamera ya mgeni iliibiwa baadaye, na nakala nyingine haipo.

"Kila mashine inaikatala," alisema Jokébed. "Sauti yake, mama, njo ile nataka."

Mashine za Godelive nazo zikakataa. Akachukua kitambaa, akaanza na doa lililokuwa ukingoni. Alipofuta, pakabaki ukungu ambao haukutoka. Ndipo akaigeuza kwenye mwanga. Hapakuwa na mkwaruzo wowote, na rangi yake ilikuwa nyeusi kuliko diski zote alizowahi kushika. Akampigia Mathe wa Beni, aliyemfundisha kazi.

"Acha," Mathe alisema alipoelezwa. "Weka kitambaa chini. Ile ni Blu-ray."

Akamfafanulia. Kwenye CD maandishi, yaani sauti na picha zilizorekodiwa, yako juu kabisa, karibu na karatasi ya jina; kwenye DVD yako katikati ya plastiki. Ukisugua chini, unakula plastiki tupu. Ila hii huandikwa kwa mwanga wa buluu wenye ncha nyembamba kuliko ule mwekundu wa DVD. Mistari yake imebanana, inabeba zaidi ya mara tano ya DVD, na iko chini kidogo tu ya ngozi, palepale kitambaa kinapopita.

"Nilishasugua, Mathe. Ku ukingo."

"Kuja nayo. Na ule mama pia."

Taksi ya kwenda Beni ilipofika Kabasha ndipo Godelive alipomwambia Jokébed kwamba aliisugua diski na huenda ameiharibu.

"Ulingoja tufike mbali, juu nisishuke?" Jokébed aliuliza. Kisha akaongeza, "Basi tuombe."

Huko Beni, Mathe aliwapeleka kwenye chumba ambamo waendesha pikipiki hucheza mpira kwenye skrini. Mashine ile ya michezo, alisema, ina jicho la mwanga wa buluu, la kusoma diski kama hii.

"Papa Mathe, tuko mu penalti," mmoja alilalamika.

"Unafungwa mabao ine. Tunakuokoa na aibu."

Wenzake wakacheka, naye akaachia kiti. Mathe akaiinamisha diski dirishani. Maandishi huanzia katikati yakienda nje, na duara lake jeusi zaidi, ndiyo sehemu iliyoandikwa, lilikoma mbali na ukingo.

"Mgeni hakuandika mpaka kule," alimwambia Godelive. "Ulilima shamba ya bure."

Picha ikatokea, safi kiasi kwamba Jokébed aliona kiraka alichokishona mwenyewe kwenye kola ya Éliakim. Mumewe akainua mkono, kwaya ikaitika. Mwendesha pikipiki aliyelalamika akavua kofia.

"Wasingya, Godelive," alisema Jokébed kwa lugha ya kwao, akimshika mkono. "Asante sana."

Godelive alitaka kujibu kwamba mwenye kushukuru ni yeye. Lakini Jokébed alikuwa ameshaanza kuimba sauti ya pili, polepole, chini ya sauti ya mumewe.