Blanketi Lisilotajwa Bei

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji nilikuwa karani wa duane, yaani forodha, pale mjini Baraka. Ukisikia hivyo unaweza kudhani nilikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa na chumba cha bati kando ya ziwa, meza, mihuri, na shati jeupe nililolifua mwenyewe. Vitu vilivyovuka kutoka Kigoma, majora ya vitambaa, majembe, chumvi, baiskeli, vilisimama kwangu mpaka karatasi zake zikamilike. Wenye vitu nao walisimama, na hapo ndipo waliponikumbuka.

Kwetu ni Kasongo, mbali na ziwa. Baraka sikuwa na ndugu, na kazi ile haikunipa rafiki. Amri ilikuwa karani asile cha mwenye mzigo. Sawa, lakini katika mji ule nani hakuwa na mzigo? Leo huyu anangoja chumvi, kesho shemeji yake anangoja cherehani. Basi nikawa mtu wa kukataa. Nikipita sokoni mazungumzo yalipungua. Walinisalimu kwa heshima, kisha wakasubiri nipite. Jioni nilisonga ugali wangu, nikaula na ndagala, dagaa wa ziwa lile, peke yangu huku nikisikia watu wakicheka ua wa pili. Upweke ule uliniuma, sina haja ya kuupamba.

Siku moja akaja mama mmoja mtu mzima, ametembea kutoka milima ya Fizi kwa kuwa amesikia mzigo wake umefika. Mwanawe alifanya kazi bandarini Kigoma, na alikuwa amemtumia blanketi jekundu, zito, lingali na harufu ya duka. Nilijaza karatasi: jina, kijiji, kitu chenyewe. Nikafika kwenye mstari wa bei.

"Bei yake, mama?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mutoto alinipa. Hakuniuzishia."

"Najua, mama. Lakini karatasi inaomba bei."

"Basi karatasi haina mama. Kitu ya kupewa, muntu hasemaka bei yake. Ukisema bei, umemupima mutoto wako. Umesema mapendo yake inaishia hapa."

Nilimweleza kwamba naweza kukadiria mwenyewe, ila sheria inataka niisome bei kwa sauti mbele yake, naye akubali. Akaziba masikio kwa viganja. Nikacheka na kukasirika kwa pamoja. Nikamwonya kwamba mkubwa wetu, Mbelgiji, huja kutoka Uvira kila mwisho wa mwezi, na mzigo wenye karatasi pungufu huondoka naye ukauzwe mnadani. Huko bei ya blanketi itapigiwa kelele na watu asiowajua.

"Mi nitakaa nayo mupaka akuje," akasema.

Akakaa kweli. Alilala kwa jamaa zake hapo mjini, na kila asubuhi aliingia ofisini, akaketi juu ya sanduku la sabuni, blanketi mapajani, akimenya karanga. Mwanzoni nilimwona kero. Aliuliza kila mzigo ni wa nani, na akiambiwa alitoa hukumu: huyu wa baiskeli, hata kutembea kwa miguu kunamshinda. Wafanyabiashara waliozoea kunifokea wakajifunza adabu mbele yake. Alinisimulia habari za mwanawe, jinsi surua ilivyotaka kumchukua akiwa mdogo, jinsi alivyovuka ziwa bila kuaga vizuri. Halafu akanisogezea karanga.

"Siwezi, mama. Tumekatazwa."

"Unaogopa karanga? Kula, we unakonda."

Nikala. Hazikuwa hata na chumvi, na sijala tena karanga tamu kama zile. Tangu siku hiyo nikawa naamka mapema na kufagia ofisi kabla hajafika. Nilijua fika kwamba karatasi ikikamilika ataondoka, na isipokamilika atanyang'anywa blanketi. Moyoni, bila aibu yoyote, niliomba lori la mkubwa likwame matopeni lisifike kabisa.

Halikukwama. Mkubwa alishuka, akapitia karatasi akiwa wima, akakuta nafasi tupu. Akauliza kwa Kifaransa kuna nini, nikamweleza. Sikutegemea huruma kwake, na sidhani ilikuwa huruma. Joto lilikuwa limemchosha, naye alitaka kula. Akashika pindo la blanketi, akataja bei ndogo mno, isiyofikia hata kutozwa ushuru, akaniamuru niandike na nimsomee mwenye mzigo.

Nikaandika. Kisha nikasoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka, kwa Kifaransa.

Mama akanigeukia. "Amesema nini?"

"Amesema blanketi ni lako, mama. Nenda nalo."

"Bei amesema?"

"Wewe umeisikia?"

"Mi sikusikia kitu," akasema, akachovya kidole gumba kwenye wino na kukibandika pale nilipomwonyesha.

Alilifunga blanketi kwa kamba ya mgomba, akajitwisha. Mlangoni akasimama.

"Na we, bantu ya kwenu banakutumiaka nini?"

Nikamwambia watatuma. Akatikisa kichwa polepole, akaniachia karanga zilizobaki, akashika njia ya Fizi.

Nilirudi mezani. Mizigo ilikuwa mingi mwezi ule, nikaandika mpaka jua likazama. Miaka yote niliyokaa pale, nililiandika jina la kila mtu aliyepokea kitu kutoka ng'ambo. Langu sikuwahi kuliandika.