Mwalimu na Neno la Jeneza

Mwalimu wa Kiingereza hakosi mazishi yoyote huku Mosocho, na hakuna aliyewahi kumwona akishika jembe kaburini. Huja na leso nyeupe, huitandaza juu ya jeneza asishike vumbi, kisha hugonga kifuniko kwa vidole kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Jumapili hiyo ya mwaka 1968 alikuwa akigonga juu ya kifua cha mume wa Nyanchama, na mjane huyo hakumsikiliza sana, maana macho yake yalikuwa kwenye wingu jeusi lililokuwa likishuka kilimani. Alitaka jambo moja tu, mumewe alale kwenye udongo mkavu.

“Waingereza husema ‘coffin’,” mwalimu alitangaza, sauti ikipanda. “Wayunani walimaanisha kikapu! Wafaransa wakalichukua. Waingereza wakaliita hivyo kasha la vitu vya thamani, hata ganda la mkate wa nyama!”

“Mwalimu, mvua hiyo,” Nyanchama alisema.

“Ngoja, mama. Sijafika karne ya kumi na sita.”

Akawageukia wazee wa kanisa, ambao ndio aliotaka wamsikie. Nyanchama akamtazama shemeji yake, Momanyi, akamwashiria kaburi kwa kichwa. Vijana wakashika kamba, wakashusha jeneza polepole, na likatua chini kabla ya tone la kwanza.

Mwalimu alipogeuka, alichungulia shimoni akakunja uso.

“Lipandisheni kidogo,” akaamuru. “Nimeruka Kilatini.”

Nyanchama akainama, akajaza udongo viganja viwili, akautupa juu ya jeneza.