Saa Nane na Dakika Ishirini Angani

Shirika la ndege limetamka, katika karatasi yenye mhuri, kwamba umbali kati ya mji wenye hospitali na mji wetu ni kilometa elfu sita mia nne na themanini, na kwamba umbali huo husafiriwa kwa saa nane na dakika ishirini.

Fundi Saa aliisoma karatasi hiyo mara nyingi kuliko walioiandika. Mkewe alikuwa amepasuliwa moyo huko, na daktari aliruhusu arudi kwa sharti moja: asikae angani zaidi ya saa tisa. Zilibaki dakika arobaini za akiba.

Ukutani mwa kibanda chake kuna saa thelathini na moja, na kila moja ina msimamo wake. Simu anayo, ila hasomei wakati humo. Anasema kitu kisicho na gurudumu la meno ndani hakiwezi kujua kinasema nini. Kwa hiyo Jumatatu ile, ndege ya mkewe ilipoondoka saa moja kamili asubuhi kwa majira ya huku, alichukua saa mojawapo ya mkononi mezani, akaiweka kwenye majira hayo, akaivaa.

Mshale ulipofika saa tisa na dakika ishirini, simu haikulia. Akajipa moyo: watu hushuka taratibu. Ilipofika tisa na nusu alikuwa ameifungua saa ya ukutani ya mteja na kusahau alichokuwa akitafuta ndani. Ilipotimia saa kumi aliweka bisibisi chini, akatoka hadi kwa Fundi Viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Saa tisa za daktari zimetimia," alisema. "Bado yuko juu."

Fundi Viatu alitoa misumari mdomoni kwanza. Akaangalia simu yake.

"Zimetimia wapi? Saa hizi ni nane na dakika arobaini na tatu."

"Simu yako hiyo."

"Simu yangu hii ndiyo inayoniamsha, ndugu yangu. Hebu lete huo mkono."

Akapandisha mkono wa shati la mwenzake. Kwenye mkanda wa saa kulikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, mwandiko wa Fundi Saa mwenyewe: *Inakimbia dakika kumi kila saa. Haijatengenezwa.*

Fundi Viatu alikisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma hukumu. "Basi shemeji hajachelewa. Wewe ndiye uliyewahi."

Fundi Saa akakaa juu ya rundo la viatu visivyokuwa vyake. Baadaye akaomba maji, akayanywa yote, akaomba mengine, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamuuliza mwenzake amekula nini.

Simu ililia saa tisa na dakika kumi na moja.

"Baba watoto, tumeshuka."

"Moyo vipi?"

"Wangu mzima. Mbona wewe unahema?"

"Nilikuwa natengeneza saa."

Kando yake Fundi Viatu alirudisha misumari mdomoni, ili asiseme.

Saa ile ilitengenezwa jioni hiyo hiyo, kabla ya nyingine zote. Begi la mkewe, lililopokewa na shirika kwenye uwanja ule ule, asubuhi ile ile, kwa safari ya kilometa zile zile, lilifika Alhamisi.