Kichwa cha Beki

Mume wangu ni beki wa kati, na mkate wa beki wa kati ni kupiga vichwa. Siku ile aliruka kwenye kona, akagongana na kipa wake mwenyewe, akaanguka mikono imekakamaa. Wakammwagia maji ya chupa, wakamfunga bandeji, akarudi uwanjani akiyumba. Jukwaa likashangilia. Huyo ndiye mwanaume, walisema.

Nyumbani kwetu, kule Bigwa, mume wangu aliniuliza matokeo. Nikamwambia. Akala, akaniuliza tena. Tangu hapo mwanga wa mlangoni ukawa unamuumiza macho. Alitapika. Mtoto akilia, alijifunika kanga yangu kichwani, yeye ambaye zamani ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Asubuhi moja nilimkuta uani ameshika ndoo, hajui alitaka kuchota au kumwaga.

Nikampeleka kwa daktari. Akasema ubongo umetikisika, asicheze mpaka apone kabisa, na akigongwa tena kabla ya hapo anaweza kufia uwanjani. Nikampigia simu meneja wa timu, nikamweleza vilevile nilivyoelezwa.

"Shemeji, huyo daktari hajui mpira," alinijibu. "Mumeo karushiwa uchawi na wale wapinzani. Kamati inalishughulikia."

Kamati ya ufundi, ndivyo wanavyoiita. Ufundi gani? Ni wazee ambao kazi yao ni kutafuta waganga. Wakampandisha mlimani, juu ya Kinole huko, wakamwogesha majani, wakamrudisha ananuka moshi.

"Yuko safi," meneja akaniambia. "Jumamosi anaanza. Lazima wamwone uwanjani, wajue dawa yao imeshindwa."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amekaa chumbani, mapazia yamefungwa mchana kweupe.

"Nisipocheza watasema nimeisha, mama watoto."

"Na ukifa watasemaje?"

"Watavaa vitambaa vyeusi mkononi." Akacheka, kisha akashika kichwa, maana hata kucheka kulimuuma.

Jumamosi nikambeba mtoto mgongoni nikaenda uwanjani, moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo. Meneja alikuwa mlangoni.

"Shemeji, ishia hapohapo. Mwanamke hapiti hapa kabla ya mechi, utatuharibia mambo."

Nilikuwa nalijua hilo. Ndilo lililonipeleka.

"Nipo kwenye siku zangu," nikasema kwa sauti, wote wasikie. Sikuwa. Nikampita, nikamfuata mume wangu kwenye benchi alipokuwa akivaa soksi, nikamwekea mkono juu ya kichwa chake.

Mzee mmoja wa kamati akavua kofia yake, akaniangalia kama nimeua mtu.

"Mvueni jezi," akasema. "Huyu leo hachezi."

Daktari kasoma miaka yote ile, wakamcheka. Mimi kwa uongo wa hedhi nilisikilizwa.

Tukafungwa. Nilitukanwa kuanzia jukwaani mpaka barabarani, mtoto yuko mgongoni anasikia. Mume wangu hasemi nami. Akienda chooni anapapasa ukuta.

Jana gari la timu lilikuja kumchukua. Meneja aliongea kupitia dirisha.

"Tunampandisha tena mlimani, shemeji. Safari hii anakaa kambini mpaka siku ya mechi. Na getini tumeweka mtu kwa ajili yako."

Nilimshika mkono mume wangu, akajitoa polepole, akaingia garini. Viatu vyake vya mpira alivisahau mlangoni. Nikasimama nikiviangalia, nikafurahi kama mjinga. Gari lilikuwa limeshafika njia panda lilipoanza kurudi nyuma. Meneja akashuka, akaviokota bila kuniangalia, akaondoka navyo.